Umekesha na nyavu tupu? Mashua yako bado inahitajika

Tuseme ni saa kumi usiku. Umelala katika keja yako ya chumba kimoja, iwe ni Kayole, Githurai, Bamburi au Kondele. Simu iko mkononi na usingizi umekukataa. Umefungua barua pepe mara ya tatu tangu saa saba na hakuna kitu. Wale watu waliokufanyia mahojiano wiki mbili zilizopita, wakasema watakupigia, hawajapiga. Mama alipiga juzi, nawe ukaitazama simu ikiita mpaka ikanyamaza yenyewe. Unampenda sana mama yako, ila huna jipya la kumwambia, na umechoka kusema "bado".

Kama hiyo si hadithi yako, basi ni ya mtu unayemjua.

Na pengine kuna jambo moja zaidi ambalo hulisemi hata mbele ya mbogi yako: siku hizi hata kusali kumekuwa kugumu. Ulisali kabla ya mahojiano. Ulifunga. Shosho kule mashambani alikusalia rozari nzima. Kisha kimya. Unaanza kujiuliza kama kuna anayesikiliza.

Leo nakuomba tukae pamoja na kisa kimoja cha Injili. Sina ahadi ya kazi kufikia Ijumaa, na ukimwona mtu anayeitoa kwa jina la Mungu, shika mfuko wako. Nina aya chache tu, na maisha ya mtawa mmoja aliyezikwa hapa kwetu Kenya. Vyote viwili vimenisaidia kuelewa kumtumaini Mungu ni nini wakati hakuna kinachoonekana.

MVUVI ALIYERUDI MIKONO MITUPU

Chukua Biblia, iwe ya karatasi au ya kwenye simu, ufungue Injili ya Luka sura ya 5, aya ya 1 hadi ya 11. Usikimbie. Ni aya 11 tu.

Ni asubuhi ufuoni mwa Ziwa la Genesareti. Watu wamemzonga Yesu wakitaka kulisikia neno la Mungu. Kando kuna mashua mbili, na wenyewe wameshuka wanaosha nyavu.

Ukitoka upande wa ziwa letu, Dunga, Mbita au Usenge, huhitaji kuelezwa zaidi. Wavuvi wa omena huingia majini usiku na taa zao, wakarudi kunapopambazuka. Na kukishapambazuka, ufuo mzima unajua nani amerudi na kitu na nani hana. Wachuuzi wako pale na ndoo na beseni zao. Mashua tupu haifichiki.

Simoni ndiye mwenye mojawapo ya mashua zile. Anauosha wavu ambao haukukamata chochote. Kazi aliyoifanya ni ileile ambayo angeifanya siku ya neema, uchovu ni uleule, ila malipo hakuna. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Haya, Simoni aligaagaa usiku kucha, na asubuhi hiyo wali ulikuwa mkavu.

Sasa tazama kile ambacho Luka hakusema. Hakusema Simoni alikuwa mvivu. Hakusema alitenda dhambi fulani ndipo akanyimwa samaki. Hakusema imani yake ilikuwa ndogo. Aliyekosa alikuwa mvuvi wa kazi, mwenye chombo chake na wenzake, katika ziwa alilolijua. Wakati mwingine mtu hufanya kila kitu sawasawa na bado akakosa.

Weka hilo moyoni kabla hujaendelea kusoma. Mtaani kuna sauti nyingi zinazokuambia kwamba ukikosa, wewe ndiye mwenye tatizo. Injili hii haimwambii Simoni hivyo.

MASHUA KWANZA, SAMAKI BAADAYE

Angalia sasa mpangilio wa mambo. Yesu hakuanza na samaki. Aliingia katika mashua ya Simoni, akamwomba aisogeze kidogo kutoka nchi kavu, akaketi humo, akafundisha watu.

Jiweke katika nafasi ya Simoni. Hujalala. Una njaa. Unachotaka ni kwenda nyumbani ufunge mlango. Halafu Mwalimu huyu anakuomba kifaa kilekile kilichokuaibisha usiku kucha. Hakuombi ulichofanikiwa nacho, anakuomba kile ulichoshindwa nacho.

Kama mashua ile ingekuwa imejaa samaki asubuhi hiyo, Simoni angekuwa na shughuli za kutosha: kupakua, kupanga bei, kubishana na wachuuzi. Angepata wapi nafasi ya mgeni? Luka hasemi kwamba Mungu alimnyima Simoni samaki makusudi, na mimi sitasema hivyo. Ninachokiona ni kwamba mashua tupu ilikuwa na mahali pa kuketi, na Yesu akaketi.

Hapa ndipo kisa hiki huwa kinanichoma, kwa sababu wengi wetu tunafikiri kinyume. Tunasema, nikipata kazi nitarudi kwaya. Nikitulia kimaisha nitasaidia watoto wa huku mtaani. Nikishika chapaa nitaenda jumuiya bila aibu, maana pale mchango hupitishwa na mfuko wangu hauna kitu. Tunadhani Mungu ni kama mwajiri anayetaka wasifukazi uliojaa kabla hajakuita.

Kumbe anatazama mashua iliyoegeshwa na kuuliza kama anaweza kuitumia.

UTII WA MTU ALIYECHOKA

Baada ya kufundisha, Yesu anamwambia Simoni aende kilindini na kuzishusha nyavu. Kidogo jambo hili linachekesha. Yesu amekulia Nazareti, kwa seremala. Anayeambiwa ni mvuvi. Ni kama fundi wa mbao kumwelekeza dereva wa matatu namna ya kupita katikati ya Nairobi saa kumi na moja jioni.

Jibu la Simoni ndilo somo zima la sala. Kwanza anasema ukweli wake: wamefanya kazi ngumu usiku kucha na hawakupata chochote. Kisha anasema kwamba kwa sababu ni Yesu aliyesema, atazishusha nyavu.

Usiruke ile sehemu ya kwanza. Simoni hakujifanya yuko sawa. Hakusema amebarikiwa na ni mshindi, huku macho yakiwa mekundu kwa kukesha. Alimweleza Bwana hasara yake bila kuipaka rangi. Wakatoliki tuna sababu nzuri ya kutoogopa sala ya namna hiyo. Zaburi ya 88 ni kilio kinachoanza na dhiki na kuishia gizani bila neno la faraja mwishoni, na Kanisa limeiweka katika Sala ya Usiku ya kila Ijumaa. Yaani Mama Kanisa anawapa watawa, mapadri na yeyote anayesali Liturujia ya Vipindi maneno ya mtu aliyevunjika moyo, na kuwaambia: haya nayo ni sala.

Kwa hiyo ukijikuta huna la kumwambia Mungu ila kwamba umechoka na huelewi, mwambie hilo. Hilo ni sala. Kitu ambacho si sala ni kunyamaza na kuondoka, kama vile unavyoiacha simu ya mama iite.

Kisha tazama sehemu ya pili. Nyavu zilikuwa zimeoshwa tayari. Kuzishusha tena ni kuzichafua tena, na kuanza upya kazi ambayo mwili umeshaikataa. Simoni hakungoja ajisikie vizuri kwanza. Hatuambiwi kwamba moyo wake ulijaa furaha au kwamba alikuwa na hakika ya matokeo. Tunaambiwa alizishusha. Kumtumaini Mungu mara nyingi ndiko huko: kufanya jambo dogo linalofuata kwa sababu ya Yule aliyekuomba, hata kama hisia bado zimelala.

SAMAKI WALIOACHWA UFUONI

Unajua kilichofuata. Samaki wakawa wengi hata nyavu zikaanza kukatika. Simoni na wenzake wakawapungia mkono washirika wao wa mashua ya pili waje kusaidia, na mashua zote mbili zikajaa karibu kuzama.

Wahubiri wengine huishia hapo. Wanakuambia toa mashua yako, yaani toa sadaka nono, nawe utavuna mara mia kufikia mwisho wa mwezi. Lakini ukiendelea hadi aya ya 11 unakuta jambo ambalo halikubaliani kabisa na mahubiri hayo. Simoni, Yakobo na Yohane wanazifikisha mashua nchi kavu, wanaacha vyote, wanamfuata Yesu. Wanaacha vyote siku ambayo wamepata kuliko siku zote. Samaki wale hawakuwa mwisho wa hadithi.

Naomba unielewe vizuri. Samaki walikuwa wa kweli, na familia za wavuvi zilikuwa na njaa ya kweli. Mungu hadharau kodi ya nyumba wala karo ya mdogo wako. Yesu alitufundisha kuomba mkate wa kila siku, na mkate ni mkate. Endelea kutuma maombi ya kazi. Simoni naye alishusha nyavu, hakukaa ufuoni akingoja samaki waruke wenyewe.

Ila kuna kitu kikubwa kuliko samaki katika kisa hiki. Simoni anaanguka magotini pa Yesu, anamwomba aondoke kwake kwa sababu yeye ni mwenye dhambi. Na Yesu haondoki. Anamwambia asiogope, na kwamba tangu sasa atakuwa akivua watu. Mtu aliyejiona hafai ndiye anayetumwa. Hiyo ndiyo misheni, na ilianzia kwenye mashua tupu.

ALIYEANDIKA BARUA ZA GIKONDI

Unaweza kusema, sawa, lakini hayo ni ya Petro. Basi ngoja nikupeleke karibu na nyumbani.

Ukipita Kariokor jijini Nairobi, pale penye soko la viondo, jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake hukohuko. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi hao walikufa, wengi kwa magonjwa kuliko risasi.

Januari 1915 alifika Mombasa msichana wa miaka 23 kutoka Anfo, kaskazini mwa Italia. Aliitwa Irene Stefani, mtawa wa Shirika la Wamisionari wa Consolata. Alikuja kwa kazi ya Injili, lakini vita vilimpeleka kwingine: hospitali za wapagazi huko Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Huko aliosha vidonda, akalisha wagonjwa, akakaa na wanaokufa. Mipango yake ilivunjika kabla hata hajaizoea nchi. Akaitoa mashua aliyokuwa nayo, ambayo ni mikono yake miwili.

Vita vilipokwisha alipelekwa Gikondi, huko Nyeri, na akaishi huko kuanzia 1920 hadi kifo chake. Alifundisha. Alitembea kwa miguu kutoka kilima hadi kilima akitembelea wagonjwa na familia. Na alifanya jambo moja ambalo nataka ulisome polepole.

Miaka hiyo vijana wengi walikuwa wameanza kutoka vijijini kwenda Nairobi, Mombasa na kwingineko kusaka kazi. Wazazi wengi waliobaki nyuma hawakujua kusoma wala kuandika. Irene akawa mwandishi wao. Mama angekuja na maneno yake, naye angeyaweka kwenye karatasi yamfikie mwana aliye mbali. Barua ikirudi, angeisoma.

Fikiria hilo. Kazi yake mojawapo ya kimisionari ilikuwa kuwaunganisha wazazi na watoto waliopotelea mjini wakihangaika kutafuta riziki. Yaani watu kama wewe.

Unaweza kuwa na maswali yako kuhusu wamisionari na ukoloni. Ni maswali halali na historia inayastahili. Lakini jina ambalo Irene analo mpaka leo halikutoka Ulaya. Wenyeji ndio waliompa: Nyaatha, mama mwenye huruma. Oktoba 31, 1930 alifariki akiwa na miaka 39, baada ya kuambukizwa tauni alipokuwa akimhudumia mgonjwa. Mei 23, 2015, mbele ya umati mkubwa mjini Nyeri, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri. Huenda hata wewe ulikuwa pale, ukiwa umeshikwa mkono na mzazi.

Muujiza uliokubaliwa kwa ajili ya tangazo hilo ulitokea Nipepe, Msumbiji, Januari 1989, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Watu walikimbilia kanisani na kukwama humo, maji yakiwa machache mno, yale ya chombo cha ubatizo. Waliomba kwa maombezi ya Irene, na maji yakawatosha. Nalitaja kwa sababu moja: hata pale Mungu alipojibu kwa namna ya ajabu, alianza na kidogo kilichokuwepo.

MISHENI BILA PASIPOTI

Tukisikia neno misheni, wengi tunafikiria mzungu mwenye ndevu, au padri wetu aliyetumwa nchi ya mbali. Lakini Papa Fransisko aliandika mwaka 2013, katika waraka wake Evangelii Gaudium, kwamba kila aliyebatizwa ni mfuasi na mmisionari kwa wakati mmoja. Na mwaka 1927 Kanisa lilimtangaza Mtakatifu Theresia wa Lisieux kuwa msimamizi wa misheni, pamoja na Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Theresia aliingia utawani akiwa na miaka 15, akafa akiwa na miaka 24, na hakuwahi kwenda nchi yoyote ya misheni. Alisali, na aliwaandikia barua padri mmoja mmisionari na mseminari mmoja aliyejiandaa kwa misheni ili kuwatia moyo. Barua tena.

Basi wewe mashua yako ni ipi? Tusizungumzie ulichokosa. Tuzungumzie kilichoegeshwa.

Una muda, hata kama huutaki. Unajua kusoma fomu. Una simu, na siku nyingine una bando. Hapo mtaani kwako kuna mama mboga ambaye kila akihitaji huduma ya serikali hulazimika kumlipa mtu wa saiba amjazie fomu ya eCitizen. Kuna mzee katika jumuiya yenu ambaye hajui ujumbe uliotumwa kwenye simu yake unasema nini, na matapeli wanajua hilo kabla yako. Kuna mtoto wa jirani wa Gredi ya Sita anayeogopa hisabati. Hayo ndiyo barua za Gikondi za leo. Ukiketi na mama mboga dakika 20, ukamjazia fomu yake bila kumtoza, ukamsikiliza huku ukingoja mtandao urudi, umefanya kazi ya Nyaatha.

Usichanganye huduma na kunyonywa, tafadhali. Mwajiri anayekufanyisha kazi miezi sita bila malipo akikuita mwanafamilia hakuombi mashua kwa ajili ya Injili. Mjue na umkatalie. Huduma hutoka kwako kwa hiari kwenda kwa mtu asiye na uwezo wa kukulipa.

Na huduma ina dawa yake. Mtu aliyekaa kejani siku kumi akijiona hana maana huanza kuamini hivyo. Akitoka na kumfaa mtu mmoja, uongo ule hupungua nguvu. Hata hivyo, kama giza limezidi na unawaza kujidhuru, usibaki peke yako. Mwambie rafiki, padri, mshauri nasaha au daktari leo hii. Kumbuka Simoni naye alipoelemewa aliwapungia mkono wenzake wa mashua ya pili. Kuomba msaada ni sehemu ya Injili hii.

NAMNA YA KUSALI NA AYA HIZI

Labda unasema, nitaanzia wapi? Kanisa lina njia ya kale inayoitwa Lectio Divina, yaani kusoma Maandiko kwa sala. Mtakatifu Benedikto aliiwekea saa zake katika maisha ya watawa karne ya 6, na katika karne ya 12 mtawa Guigo wa Pili akaieleza kama ngazi yenye vidato vinne. Huhitaji kuwa mtawa. Unahitaji dakika 15 na simu iliyozimwa data.

Kwanza, soma. Soma Luka 5:1-11 polepole, kwa sauti ya chini, mara mbili. Ikiwa uko ndani ya mathree, soma kimyakimya, konda atakusamehe. Subiri neno moja likushike. Huenda ni "usiku kucha". Huenda ni "kilindini".

Pili, tafakari. Usitafute maana ya kumfundisha mtu mwingine. Jiulize kwa nini neno hilo limekushika wewe, leo. Ni usiku gani wako ambao haukuzaa kitu?

Tatu, sali. Mjibu Mungu kama Simoni: ukweli wako kwanza, kisha utayari wako, hata kama utayari ni mdogo kama mbegu ya haradali. Ikiwa utayari hakuna, omba upewe huo.

Nne, tulia. Usiseme kitu. Kaa tu mbele zake kama mtu anayekaa na rafiki yake barazani bila haja ya mazungumzo. Mawazo ya kodi yatakuja. Yaache yapite, urudi kwenye lile neno lako moja.

Mwaka 2010, Papa Benedikto wa 16 alikumbusha katika waraka wake Verbum Domini kwamba safari hii haijafika mpaka izae tendo. Kwa hiyo kabla hujafunga Biblia, chagua jambo moja dogo, lenye jina la mtu na saa yake. "Nitakuwa mwema" ni maneno yasiyo na tarehe. "Leo saa nane nitampitia mama mboga" ni tendo.

Fanya hivyo siku saba kwa aya zilezile. Utashangaa jinsi aya ulizodhani umezimaliza zinavyobadilika kadiri unavyobadilika wewe.

KILICHOKUWA MFUKONI MWA PAPA

Wale waliokuwa uwanja wa Kasarani Novemba 27, 2015 wanakumbuka Papa Fransisko alivyoweka kando hotuba aliyoiandaa, akazungumza na vijana wa Kenya moja kwa moja, akijibu maswali yao kuhusu ukabila, ufisadi na maumivu ya maisha. Mwishoni aliwaonyesha vitu viwili alivyokuwa akivibeba mfukoni siku zote: rozari, na kijisanduku kidogo chenye Njia ya Msalaba. Alieleza kwamba Njia ya Msalaba ni historia ya Mungu kushindwa, na kwamba kwa vitu hivyo viwili yeye hapotezi matumaini.

Mungu kushindwa. Papa mzima alisema hivyo mbele ya vijana. Kwa macho ya watu wa Yerusalemu, Ijumaa ile Yesu mwenyewe alikuwa na nyavu tupu: wafuasi walikimbia, kazi imekatizwa, mwili uko kaburini la kuazimwa. Siku ya tatu Baba akamfufua. Ndiyo maana Mkristo anaweza kukaa na usiku wake bila kujidanganya kwamba ni mchana. Tumaini letu halitokani na kuona samaki. Linatokana na kumjua aliyeketi ndani ya mashua.

Sijui barua pepe unayoingoja itafika lini. Najua kwamba kukikucha hii leo, utakuwa na mashua iliyoegeshwa, na kuna atakayepita ufuoni akiitazama.

Naomba basi tendo lako la kwanza liwe hili. Nyaatha alitembea vilima ili maneno ya mama yamfikie mwana aliyekuwa mjini. Wewe huhitaji mwandishi wala kutembea. Ile simu ya juzi uliyoiacha iite, ipige. Usingoje uwe na habari njema. Mwambie mama kama Simoni alivyomwambia Bwana: nimehangaika usiku kucha, bado sijapata kitu. Kisha muulize habari za nyumbani, umsikilize.

Pengine naye alikuwa akikesha.